WINO ULIOLETWA NA KUSI: KIPANDE CHA PEMBA NA UVUMI WA NDEGE YA MALAYSIA

Hakuna methali inayotumiwa vibaya katika baraza zetu kama ile isemayo, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Mtu huiokota habari njiani, akaibeba mpaka barazani, na akiulizwa ushahidi wake ni nini, huitoa methali hiyo kama mtu atoaye hati ya mahakama. Leo nataka niijibu kwa methali nyingine ya wahenga wale wale: usiandikie mate na wino ungalipo.

Jambo nitakalolitolea mfano ni ndege ya abiria ya Malaysia, safari nambari MH370, iliyopotea tarehe 8 Machi 2014 ikiwa na watu 239. Nimelichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba sehemu kubwa ya wino wenyewe ililetwa na bahari mpaka katika pwani ya Waswahili, kisiwani Pemba, na bado wako miongoni mwetu wanaoandika kwa mate. Ya pili ni kwamba uvumi huu si mchezo wa maneno tu. Una wajane ndani yake, una mayatima, una mirathi, na una majina ya watu waliotuhumiwa bila ya ushahidi.

YALIYOJULIKANA TANGU MWANZO

Ndege ilikuwa Boeing 777, yenye nambari ya usajili 9M-MRO. Iliondoka Kuala Lumpur kuelekea Beijing saa sita na dakika 42 za usiku. Saa saba na dakika 19 rubani aliwaaga waongozaji wa ndege wa Malaysia kwa maneno ya kawaida ya kutakiana usiku mwema. Dakika mbili baadaye chombo kinachoijulisha rada jina na kimo cha ndege kikanyamaza. Rada ya kijeshi iliiona ikigeuka, ikaikata rasi ya Malaysia kurudi magharibi, ikapita karibu na Penang, na saa nane na dakika 22 ikapotea katika rada juu ya bahari ya kaskazini mwa Sumatra.

Lakini kimya hakikuwa kamili. Kulikuwa na setilaiti ya mawasiliano juu ya Bahari ya Hindi, na takriban kila saa iliiuliza ndege, "Upo?" nayo mashine ya ndege ikajibu, "Nipo." Jibu la mwisho lilipatikana saa mbili na dakika 19 za asubuhi, kwa saa za Malaysia. Majibu hayo hayakutaja mahali ndege ilipokuwa, ila muda uliochukuliwa na kila jibu kufika ulionyesha umbali kati ya ndege na setilaiti. Ukiujua umbali huo unaweza kuchora duara juu ya ramani, na ndege ilikuwa mahali fulani juu ya mzingo wa duara hilo. Kisha wataalamu wakaangalia jinsi sauti ya mawimbi ilivyobadilika, kama vile king'ora cha gari kinavyobadilika likikukaribia na likikuacha. Wakaona kwamba ndege ilikwenda kusini, wala si kaskazini.

Mafuta yaliyotiwa yalitosha safari ya saa saba na nusu hivi. Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji, kuanzia saa sita na dakika 42 za usiku. Utafika karibu kabisa na lile jibu la mwisho.

YASEMWAYO

Wako wasemao kwamba ndege ilitua Diego Garcia, kambi ya Marekani katika visiwa vya Chagos, na abiria wakafichwa huko. Wako wasemao ilipelekwa kaskazini mpaka Kazakhstan. Wako wasemao kwamba ndege ya Malaysia iliyotunguliwa juu ya Ukraine tarehe 17 Julai 2014 ndiyo hiyo hiyo, imetolewa mafichoni. Na wako walioshika mambo ya Wairani wawili waliopanda kwa pasipoti za wizi, wakasema basi, Waislamu wameiteka.

Sitawacheka wenye kushuku, maana hawakosi sababu. Wenyeji wa Chagos walihamishwa kwa nguvu na Waingereza kati ya miaka ya 1960 na 1973 ili kambi ipate nafasi, na kwa muda mrefu wakubwa walisema kwamba pale hapakuwa na wenyeji. Na tarehe 3 Julai 1988 manowari ya Marekani iliitungua ndege ya abiria ya Iran katika Ghuba na kuua watu 290. Kwa hiyo mtu asemaye kwamba dola kubwa zina uwezo wa kufanya maovu hajasema uongo.

Lakini angalia jinsi maovu hayo yalivyojulikana. Ndege ya Iran ilipotunguliwa, maiti na mabaki yalielea baharini siku ile ile. Ndege iliyotunguliwa Ukraine ilikutwa na vipande vya chuma vya kichwa cha kombora, vingine ndani ya miili ya marubani, na wachunguzi wa Uholanzi wakalitambua kombora lenyewe. Uovu wa kweli nao huacha vipande. Anayedai kwamba uovu umetendeka ana wajibu wa kutuonyesha vipande vyake.

KIPANDE CHA PEMBA

Tarehe 20 Juni 2016 kipande kikubwa cha bawa la ndege kilionekana ufuoni Pemba. Kilikuwa ni sehemu ya flapu, yaani kile kibawa cha nyuma kinachoteremshwa wakati ndege inapotua. Serikali ya Tanzania ilikitoa, kikapelekwa Australia kuchunguzwa. Tarehe 15 Septemba 2016 wachunguzi wa Australia wakatoa jibu: ni flapu ya nje ya bawa la kulia la ndege 9M-MRO.

Walijuaje? Hawakubahatisha. Kipande kilikuwa na mihuri ya kiwanda. Mmoja ulionyesha kwamba kilitengenezwa tarehe 23 Januari 2002, na ndege hiyo Malaysia ilikabidhiwa tarehe 31 Mei mwaka huo huo. Kulikuwa pia na nambari za pekee, ambazo kila moja hupewa kitu kimoja tu. Kiwanda cha Italia kilichotengeneza flapu hizo kikafungua madaftari yake na kuona kwamba nambari zote zilizokutwa zilikuwa za flapu moja, iliyopelekwa Boeing kutiwa katika ndege ya 404 ya aina ile. Na ndege ya 404 ndiyo iliyouzwa Malaysia na kusajiliwa 9M-MRO.

Huo ndio wino. Ni mfano wa mtu aliyeokota sahani iliyovunjika, akakuta chini yake muhuri wa mfinyanzi, akaenda kwa mfinyanzi, naye akafungua daftari na kumwambia, "Sahani hii nilimuuzia fulani, siku fulani." Baada ya hapo hakuna haja ya kubishana ni sahani ya nani. Na ikiwa flapu ya Pemba ni ya 9M-MRO, basi hadithi ya Ukraine nayo imekufa papo hapo, kwa kuwa ndege iliyotunguliwa kule ilikuwa 9M-MRD, iliyonunuliwa tangu 1997, na mabaki yake yalitawanyika katika mashamba ya Ukraine.

Kipande cha Pemba hakikuwa cha kwanza. Tarehe 29 Julai 2015 katika kisiwa cha Réunion kulipatikana kibawa kingine cha nyuma, kiitwacho flaperoni, ambacho hukaa ubavuni mwa flapu hiyo hiyo ya kulia. Ufaransa ilikichunguza katika maabara yake karibu na Toulouse, na tarehe 3 Septemba kiongozi wa mashtaka wa Paris akasema kwamba nambari iliyokutwa ndani yake imethibitishwa na fundi wa kampuni ya Hispania iliyokitengeneza. Kipande cha tatu, cha flapu ya bawa la kushoto, kilipatikana Morisi mwaka 2016, nacho kikathibitishwa kwa nambari. Zaidi ya hivyo viko vipande vingine vingi, kutoka Msumbiji, Afrika Kusini, Madagaska na Rodrigues, ambavyo havikuwa na nambari ya pekee lakini vilitambuliwa kwa alama nyingine. Kile cha Rodrigues kilitoka ndani ya chumba cha abiria, karibu na mlango wa mbele wa kulia, na nakshi ya ukuta wake ni ile ya ndege za Malaysia.

Hebu tafakari neno hilo: ukuta wa ndani ya chumba cha abiria, unaelea baharini. Ndege iliyotua salama mafichoni haitoi ukuta wake wa ndani ukaja kuokotwa ufuoni.

VIDUDU VYENYE MAGAMBA

"Labda vipande vilitupwa baharini makusudi," husema mbishi, "ili kutupoteza." Sawa, na tulipime hilo.

Kila baharia wa pwani hii anavijua vile vidudu vyenye magamba vinavyoganda chini ya chombo. Ndivyo vinavyotulazimisha kupweleza jahazi, kukwangua mbao na kutia deheni, maana vikiachwa chombo hupungua mwendo. Flaperoni ya Réunion ilikuwa imejaa vidudu vya namna hiyo, vya aina inayopenda kuishi juu ya vitu vinavyoelea bahari kuu. Havipandikizwi kwa mkono. Huja vikiwa vichanga visivyoonekana kwa macho, vikashika, vikakua gamba kidogo kidogo. Na gamba lenyewe ni daftari: linavyokua huhifadhi dalili ya ujoto wa maji yaliyokuwa yakipita, kwa hiyo wataalamu huweza kusoma humo kama kitu kilipita maji baridi ama ya moto.

Wapinzani walipoona hayo wakageuza maneno: "Vidudu hivyo ni vichanga mno, na ndege imepotea miezi zaidi ya 16." Hoja hiyo inafaa kujibiwa, na jibu lake si gumu. Umri wa kidudu ni umri wa kidudu, si umri wa kitu alichokishikilia. Majani yaliyoota juu ya kaburi hayakwambii maiti alizikwa lini. Yanakwambia tu kwamba alizikwa kabla ya majani kuota. Vidudu hufa, hung'oka, na vingine huja mahali pake. Ushahidi wao ni kwamba kitu kilielea muda mrefu, na hilo ndilo tunalolitafuta.

BAHARI YETU INAVYOKWENDA

Ushahidi mwingine ni ramani ya mahali vipande vilipoonekana, na hapa mtu wa pwani ana haki ya kusema kuliko mtu wa bara. Katika Bahari ya Hindi, kusini mwa Ikweta, kuna mkondo mkubwa unaotoka mashariki kuja magharibi. Huja ukapita Rodrigues, Morisi na Réunion, ukaikuta Madagaska, ambayo wazee wetu waliiita Bukini. Sehemu yake huizunguka ncha ya kaskazini ya Bukini na kufika pwani ya Afrika karibu na mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Hapo hugawanyika tena: maji mengine hushuka kusini kupitia Msumbiji, mengine hupanda kaskazini kupita Mafia, Unguja na Pemba mpaka kwetu Mombasa. Wakati wa kusi mkondo huo wa kaskazini hupata nguvu zaidi, na mwezi wa Juni, kilipoonekana kipande cha Pemba, ni kusi tupu.

Mlima wa volkeno wa Krakatau ulipolipuka mwaka 1883 huko Indonesia, mawe yake mepesi yanayoelea yalisafiri bahari nzima mpaka yakafika pwani ya Afrika Mashariki. Bahari haikuanza jana kutuletea vitu kutoka upande ule.

Wataalamu wa Australia hawakutosheka na hesabu za karatasini. Walitafuta flaperoni halisi ya Boeing 777, wakaikata ifanane na ile ya Réunion, wakaitia baharini Tasmania na kuifuatilia. Wakaona kwamba haifuati upepo moja kwa moja, bali huelekea kushoto kwake, na huenda kwa kasi kuliko walivyodhani. Walipotia matokeo hayo katika hesabu, wakapata kwamba kitu kilichoanguka katika bahari ya magharibi mwa Australia, karibu na nyuzi 35 kusini, kingeweza kufika Réunion katika muda ule ule kilipoonekana. Na mahali hapo panakutana na lile duara la mwisho la setilaiti. Shahidi wa angani na shahidi wa majini hawakukaa kikao kupanga maneno, na wamesema jambo moja.

Mwenye kudai kwamba vipande vilitupwa makusudi sasa ana mzigo mzito. Inambidi aseme kwamba watu fulani waliivunja ndege wakiwa nayo, wakaviacha vipande kwenye maji mpaka vikaota vidudu, kisha wakavisambaza katika nchi na visiwa vingi, kwa kufuata mikondo ambayo hesabu zake zilikuwa bado hazijakamilika, na katika kazi yote hiyo asionekane hata mmoja.

Na Diego Garcia? Kisiwa hicho kiko karibu na pale chini ya setilaiti, yaani ndani kabisa ya duara, si juu ya mzingo wake. Ndege ingalikuwa pale, jibu lake la mwisho lingalirudi upesi kuliko lilivyorudi. Wengine hutaja watu wa Maldives, waliosema waliona ndege kubwa ikiruka chini chini asubuhi ile. Sisemi kwamba wale ndugu zetu walisema uongo. Lakini saa waliyoitaja, kumi na mbili na robo ya asubuhi kwao, ni saa tatu na robo Malaysia, karibu saa nzima baada ya mlio wa mwisho na baada ya mafuta kwisha. Waliona ndege, haikuwa ile.

USHAHIDI UNAPOKOMEA

Mwenye kushika ushahidi ana wajibu wa kukoma pale ushahidi unapokoma, la sivyo naye atakuwa mvumishaji mwenye kilemba. Vipande vinatwambia kwamba ndege ilianguka baharini. Uchunguzi wa flapu ya Pemba ulionyesha kwamba yaelekea haikuwa imeteremshwa, kwa hiyo haionekani kwamba kulikuwa na mtu anayeitayarisha ndege itue polepole juu ya maji. Lakini kipande cha bawa hakisemi ni nani aliyeigeuza ndege usiku ule, wala kwa nini.

Ripoti ya Malaysia ya Julai 2018 ilisema kwamba ndege iligeuzwa kwa mkono wa mtu, na kwamba haikuweza kupitisha hukumu juu ya sababu, wala kukanusha kuwa huenda mtu mwingine aliingilia. Hata hivyo wengi wameshamhukumu nahodha. Hutaja mashine yake ya nyumbani ya kuchezea urubani, iliyokutwa na alama za njia ya kusini. Alama hizo zilikuwamo, na polisi wa Malaysia walizichunguza, wakasema hawakuona humo zaidi ya michezo ya urubani. Basi mtu huyo, ambaye hawezi kusimama kujitetea, anahukumiwa na nani? Na wale Wairani wawili: tarehe 11 Machi 2014 mkuu wa Interpol alieleza kwamba hawakuonekana kuwa magaidi, bali watu waliokuwa wakitafuta njia ya kwenda Ulaya. Lakini tuhuma ilikuwa imekwisha kuzunguka dunia kwa sababu tu ya majina yao na walikotoka. Sisi tunaolalamika tunaposhukiwa kwa majina yetu hatuna ruhusa ya kuwafanyia wengine vivyo hivyo, hata kama ni dola tusizozipenda.

MAITI NA WALIO HAI

Msomaji ataniuliza, "Haya yote yana faida gani? Acha watu wazungumze." Faida yake ni hii. Katika fiqhi kuna mlango mzima juu ya mtu aliyepotea, asiyejulikana kama yu hai ama amekufa. Maadamu hali yake haijulikani, mali yake haigawanywi, na mkewe yu katikati: si mke aliye na mume, si mjane aliyekwisha kaa eda. Wanachuoni walisumbuka sana na mlango huo, kwa sababu waliijua dhiki iliyomo. Tarehe 29 Januari 2015 serikali ya Malaysia ilitangaza rasmi kwamba ilikuwa ni ajali na kwamba wote 239 wahesabiwe wamekufa. Wakati huo hakuna kipande hata kimoja kilichokuwa kimepatikana, na jamaa wengi walikataa kuamini. Nani angewalaumu? Kisha Réunion ikatoa, Msumbiji ikatoa, Pemba ikatoa.

Kila tunaposema barazani, "Wako hai, wamefichwa Diego Garcia," tunamrudisha mjane mmoja dirishani kungoja, na tunalitia shaka fungu la yatima. Anayesema hivyo hapotezi chochote. Atamaliza kahawa yake na kwenda zake.

Msako wa chini ya bahari uliofanywa na Australia, Malaysia na China ulipekua kilomita mraba 120,000 ukasimamishwa Januari 2017 bila mafanikio. Kampuni moja ilitafuta tena mwaka 2018 ikakosa, na mwaka 2025 Malaysia ikatiliana nayo mkataba mwingine wa "usipoona hulipwi". Kutafuta huko ni haki ya jamaa, na katika vilindi vile ndimo zitakamopatikana habari za nani na kwa nini, zikijaliwa kupatikana. Lakini swali la kama ndege ilianguka ama ilifichwa limekwisha jibiwa, na jibu lilikuja lenyewe juu ya maji mpaka Pemba, likiwa na muhuri wa kiwanda na tarehe yake.

Mwenyezi Mungu awape subira waliofiwa, na awarehemu Waislamu waliokuwamo. Madhehebu yetu ya Shafi yanaruhusu kumswalia maiti aliye mbali. Kwa mwenye kuwakumbuka watu wale, hilo ni bora kuliko kuwatafutia gereza ambalo hawakupata kulikanyaga.